Dakitari Kandt, Mtafuta Chemchemi za Nile

Wasomaji wetu wa Kibondo na Kasulu wanajua ya kuwa mto wao mkubwa, Malagarasi, huenda magharibi. Hushuka hata Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na bahari ya machweo. Lakini mtu akisafiri upande wa kaskazini hata Ngara, huona maji yamegeuza njia. Huko Ruvubu utokao Burundi hukutana na Nyabarongo utokao Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo, nao huwa mto mmoja uitwao Kagera. Kagera huingia Ziwa Viktoria, na maji yake hayakomi hata Misri. Kwa ajili ya njia panda hiyo ya maji, mtu mmoja aliacha kazi yake Ulaya, akatumia mali yake mwenyewe, akaja kutembea kwa miguu katika bara hii.

Jina lake Richard Kandt. Alizaliwa katika mji wa Posen tarehe 17 Desemba 1867, mtoto wa Wayahudi, na jina la ukoo wake lilikuwa Kantorowicz, kabla hajalibadili. Akasoma uganga, akawa dakitari wa wenye wazimu huko Bayreuth. Hakuwa askari, wala hakutumwa na Serikali. Mwaka 1897 alitoka pwani na wapagazi wake, akafuata njia ya Tabora. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa katika ramani yo yote, ingawa mizigo na vyombo vyote vya kupimia vilikuwa juu ya vichwa vyao.

Walipofika Rwanda, mwezi wa Juni 1898, yalimpata mambo yanayostahili kusimuliwa. Miaka miwili nyuma, yaani 1896, mfalme kijana Rutarindwa alikuwa ameuawa katika fitina ya jamaa za kifalme, na mwanamke mwenye nguvu, Kanjogera, pamoja na nduguye Kabare, walimketisha Musinga, mwana wa Kanjogera, juu ya kiti. Musinga alikuwa bado mtoto. Basi wakuu waliogopa kumwonyesha kwa wageni, wasije wakamdhuru kwa macho yao au kwa silaha zao. Mwaka 1897 alipofika Kapteni Ramsay, mkuu wa boma la Wadachi la Ujiji, walimletea mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, wakasema huyu ndiye mfalme. Ramsay akasadiki, akampa bendera, akarudi. Kandt naye aliletewa mtu yule yule. Lakini yeye alikuwa amezoea kuwatazama watu usoni kwa kazi yake ya uganga, akaona ya kuwa anachezewa. Alikasirika, wala hasira yake haikumfaa kitu. Wakuu wale walijua kutawala kuliko alivyodhani, na mgeni alipita katika nchi kwa idhini yao.

Akaendelea na kazi iliyomleta. Msafiri mwingine, Oscar Baumann, aliyepita Burundi mwaka 1892, alikuwa amesema ya kuwa Ruvubu ndio mwanzo wa Nile. Kandt alikata shauri ya kwamba Nyabarongo ni mkubwa zaidi, akaufuata kwenda juu, akaingia Mwogo, kisha Rukarara, hata msitu wa Nyungwe. Huko, Agosti 1898, alifika mahali ambapo mto ule unaotafutwa tangu zamani za Warumi ni unyevu tu katika nyasi, maji yatokayo tone kwa tone.

Tangu 1899 akajijengea makao Shangi, juu ya Ziwa Kivu, akakaa huko kwa muda wa miaka akipima ziwa na kukusanya mimea na wanyama. Kima mmoja mzuri wa milima ile, mwenye mgongo wa rangi ya dhahabu, huitwa na wataalamu kwa jina lake hata leo. Mwaka 1904 alitoa kitabu, Caput Nili, maana yake Kichwa cha Nile.

Mwaka 1907 Serikali ya Wadachi ilimfanya Rezidenti wa Rwanda, yaani mjumbe wake kwa mfalme. Akachagua kilima cha Nyarugenge, katikati ya nchi, akajenga nyumba. Ndio mwanzo wa mji wa Kigali. Mwaka huo huo wamisionari wa Betheli, na Johanssen kati yao, waliingia Rwanda, wakaanza kazi Zinga na Kirinda.

Hapa naona jambo gumu katika maisha yake. Mtu aliyedanganywa na baraza la mfalme sasa alikuwa tegemeo la baraza lile lile. Wadachi walikuwa wachache sana, na kutawala kwa mkono wa Musinga kulikuwa rahisi, tena hakukugharimu sana. Wasomaji wa Heru na Muhambwe hawahitaji kuelezwa njia hiyo, maana Waingereza baadaye waliwatumia Wami wa Uha vivyo hivyo. Lakini koo nyingi za kaskazini mwa Rwanda hazikuwa zimemtii Musinga kwa moyo. Walipoasi chini ya Ndungutse, mwaka 1912, askari wa Wadachi waliongozwa na Gudowius, kaimu wa Kandt, wakawapiga na kuchoma makao yao. Hivyo amri ya mfalme ilifika mahali ambapo mababu zake hawakuweza kuifikisha, kwa bunduki za wageni. Kandt aliyapenda sana milima na mito ya nchi ile. Sidhani kwamba aliwaona vema hivyo watu wadogo waliolima juu yake.

Mwaka 1913 akaenda Ulaya kwa likizo, na vita ya 1914 ikamfungia njia ya kurudi. Akawa dakitari wa jeshi, akadhurika kwa hewa ya sumu, akafa Nürnberg tarehe 29 Aprili 1918. Kigali ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Wabelgiji tangu Mei 1916. Nao wakamwondoa Musinga katika ufalme mwaka 1931.

Habari ya chemchemi haikukoma naye. Mwaka 1937 Mdachi mwingine, Burkhart Waldecker, alionyesha chemchemi ya Ruvubu huko Rutovu, Burundi, iliyo kusini kuliko zote, na mwaka 2006 wasafiri waliopanda Nile toka baharini walirudi tena Nyungwe. Warundi huonyesha yao, Wanyarwanda yao. Nyumba ya Kandt bado ipo Kigali, nayo ni makumbusho.