Adrian Atiman: mtoto aliyeuzwa, akawa daktari wa Karema

Wasikilizaji wetu, tumo katika Majilio, zile Jumapili nne za kungojea Noeli. Wengi wenu mnangoja na mengine: mvua isiyotabirika, bei ya mazao, sare na madaftari ya Januari, au mgonjwa aliyelala ndani. Hapa Mtendeni, Tabora, mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, tumeona tuwasimulie habari za mtu aliyeyajua machungu hayo tangu utotoni.

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, jirani na Mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Alikuwa na umri wa miaka kama 10, mbali na baba na mama.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliwapeleka baadhi ya vijana waliokombolewa kisiwani Malta wakasomee udaktari. Atiman alikuwa mmoja wao. Alipomaliza masomo mwaka 1888, alianza safari ya kuja huku kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Hapo tutulie kidogo. Njia za misafara ndizo zilizowapeleka watu pwani wakiwa wamefungwa minyororo. Kijana huyu, aliyewahi kuuzwa mwenyewe, alitoka pwani akaja bara kuwatibu watu asiowajua.

Pale Karema alikuwa daktari, tena katekista. Hospitali za karibu hazikuwapo, wala barabara ya gari. Mgonjwa aliletwa akibebwa, au daktari alimfuata. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre. Yule aliyenyang'anywa ukoo wake akapata ukoo mpya hukuhuku. Mwaka 1946 habari za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kuhudumia Karema.

Jumapili ya tatu ya Majilio huitwa Jumapili ya furaha, nayo huja Noeli ikiwa bado haijafika. Maisha ya Atiman yanatusaidia kuelewa kwa nini. Hakungoja kwanza arudishiwe alichopoteza ndipo awafurahishe wengine. Aliamka, akamtazama mgonjwa wa siku ile, na kesho yake akaamka tena.

Nasi tunaweza kuanzia hapo. Kama jirani yako anaumwa, mchotee ndoo ya maji, mpikie uji, au mchangieni nauli ya kufika zahanati. Tunawatakia Majilio mema.