Georg Simon Ohm: Mwalimu Aliyepima Kabla ya Kuhukumu



Katika kigango kimoja nje kidogo ya Mikumi, nilikopelekwa kwa mazoezi ya uchungaji, taa za kanisa zilikuwa zikififia kila jioni wakati wa Masifu. Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea. Akiwasha mashine yake, taa zinakuwa nyekundu kama makaa. Akizima, zinang'aa tena. Waamini walishachoka. Wapo waliosema fundi anatuibia umeme, na suala hilo likafikishwa kwenye kikao cha viongozi ili apelekewe onyo. Mtumikiaji mmoja mdogo akaniuliza kama kweli yule mzee ni mwizi. Mimi ninayesoma falsafa sikuwa na jibu. Nililipata nilipoanza kufuatilia maisha ya mwalimu mmoja wa Ujerumani ambaye jina lake ndilo kipimo cha ukinzani wa umeme.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Hakupata elimu ya juu, ila alijifundisha mwenyewe hisabati na falsafa, kisha akawafundisha wanawe. Kati ya watoto saba, waliofikia utu uzima ni watatu tu, na mama yao alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Mwaka 1805 kijana huyo aliingia chuo kikuu, na ujana ukamteka. Dansi, biliadi na michezo ya kuteleza kwenye barafu vilichukua muda wake kuliko masomo. Baba alikasirika, akamwondoa chuoni baada ya mihula mitatu, naye akaenda Uswisi kufundisha hisabati. Huko alitulia, akasoma kwa bidii peke yake, na mwaka 1811 akarudi Erlangen akapata shahada ya udaktari. Hata hivyo, ndoto yake ya kuwa profesa haikutimia. Alifundisha shule moja duni mjini Bamberg, nayo ikafungwa mwaka 1816.

Mwaka uliofuata alipata kazi mjini Köln, katika shule ya sekondari ambayo zamani ilikuwa ya Wajesuiti. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye vifaa vizuri. Ohm, ambaye hakuoa maisha yake yote, aliutoa muda wake kwa wanafunzi na kwa vifaa vile.

Wakati huo betri ya Volta ilikuwa imeshavumbuliwa tangu mwaka 1800, na mwaka 1820 Ørsted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye umeme husogeza sindano ya dira. Watu walijua kwamba mkondo upo. Jambo ambalo halikuwa wazi ni kwa nini waya mmoja hupitisha mkondo mwingi na mwingine mdogo, na kwa kipimo gani.

Ohm alichukua nyaya za urefu tofauti, akazipitishia umeme wa betri, akatazama sindano ilisogea kiasi gani. Mwaka 1825 alichapisha kanuni yake, na ilikuwa na makosa. Betri za siku zile zilikuwa zikidhoofika katikati ya jaribio, kwa hiyo vipimo havikuaminika. Mhariri wa jarida la fizikia, Poggendorff, alimshauri aache betri na kutumia metali mbili zilizounganishwa, ncha moja ikiwa kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Chanzo hicho ni dhaifu, lakini hakiyumbi. Ohm hakuitetea kanuni yake ya kwanza. Alianza upya, na mwaka 1826 akachapisha kanuni sahihi.

Kanuni yenyewe inaeleweka na yeyote. Volteji ndiyo msukumo, mkondo ndio kiasi kinachopita, na ukinzani ni ugumu wa njia. Msukumo ukiongezeka, mkondo huongezeka kwa uwiano uleule. Njia ikiwa ndefu au nyembamba, ukinzani hupanda na mkondo hupungua. Maana yake pia ni kwamba ili mkondo upite kwenye waya, sehemu ya volteji hutumika ndani ya waya huohuo.

Turudi kigangoni. Tuseme waya unaotoka kwenye nguzo una ukinzani wa ohm 1, na umeme kwenye nguzo ni volti 230. Taa na spika za kanisa zikitumia ampea 2, volti 2 hupotea njiani, na kanisa linabaki na 228. Hakuna anayeona tofauti. Fundi akiwasha mashine ya ampea 20, waya sasa unabeba ampea 22, volti 22 zinapotea, na kanisa na karakana vyote vinabaki na volti 208. Fundi hamwibii mtu. Naye anapungukiwa kama sisi, kwa sababu sote tunatumia waya mmoja.

Mwaka 1826 Ohm aliomba likizo kwa nusu mshahara, akahamia Berlin alikoishi mdogo wake, na mwaka 1827 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu sakiti za umeme. Alitumaini kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Kilipokelewa kwa ubaridi, na mhakiki mmoja wa Berlin alikishambulia vikali. Kwa upande mmoja kitabu kilijaa hisabati nzito, na majaribio yake hayakuwekwa mbele. Kwa upande mwingine, Berlin ya wakati ule ilikuwa chini ya kivuli cha falsafa ya Hegel, na wapo walioona kwamba siri ya maumbile hupatikana kwa kutafakari, wala si kwa sindano na nyaya. Ohm aliacha kazi Köln, akaishi miaka kadhaa kwa ujira mdogo wa kufundisha shule ya kijeshi.

Faraja ilikuja polepole. Mwaka 1833 alipata kazi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Mwaka 1845 mwanafunzi wa miaka 21, Gustav Kirchhoff, alijenga juu ya kazi yake kanuni mbili: mikondo inayoingia kwenye kiungo ni sawa na inayotoka, na volteji zikijumlishwa kuzunguka sakiti nzima husawazishana. Uprofesa wa Munich alioutamani tangu ujana Ohm aliupata mwaka 1852. Alifariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa mjini Paris ulilithibitisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani.

Leo umeme wa mto Ruaha Mkuu huzalishwa Kidatu, kusini mwa Mikumi, katika kituo cha megawati 204, na treni ya umeme inapita Kilosa chini ya waya wa volti 25,000. Wahandisi wa kazi hizo bado wanapiga hesabu kwa kanuni ya mwalimu yule.

Kwetu tunaosoma falsafa maisha yake ni onyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe. Wakosoaji wa Berlin walitaka kitu kilingane na akili yao. Nasi kikaoni tulifanya hivyohivyo: tulimhukumu jirani kabla ya kupima waya.

Onyo halikupelekwa. Fundi umeme alikuja na mita, akapima taa zikiwa peke yake, kisha mashine ikiwa imewashwa, akatuonyesha waya mwembamba na mrefu unaotoka kwenye nguzo. Jumuiya zilichanga, ukanunuliwa waya mnene, na mchomeleaji mwenyewe ndiye aliyetushikia ngazi. Siku hizi jioni taa hutikisika kidogo tu. Mtumikiaji wetu hunitazama zinapotikisika, na mimi humwonyesha kitabu cha Masifu ili tuendelee kusali.