Williamson wa Mwadui: siku moja ya shansi, miaka ya mashimo matupu

Huku kwetu Kanyaruchinya, jioni, mabishano ya wachimbaji hayaishi. Fulani alijenga nyumba ya mbao na kununua pikipiki: ni shansi ao ni kazi? Leo tunasimulia maisha ya mutu ambaye kila upande unaweza kumutwaa kuwa shahidi wake: Daktari John Williamson, aliyevumbua almasi za Mwadui, kule Tanzania.

Alizaliwa mwaka 1907 Montfort, mu jimbo la Quebec, Kanada. Kwenye chuo kikuu cha McGill, Montréal, alianza na masomo ya sheria. Likizo moja akafuatana na watu wa jiolojia mpaka Labrador, akarudi na moyo mwingine: akaacha sheria, akashika mawe. Mwaka 1933 akapata udaktari wa jiolojia. Kisha akaja Afrika, kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, halafu Tanganyika, kwenye kampuni iliyokuwa inachimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Mali ya Mabuki ilikuwa kidogo. Kampuni ikakata tamaa. Yeye akabakia, sasa kwa hesabu yake mwenyewe.

Kwa nini alibakia? Hapa sherti tueleze kidogo. Almasi inatengenezwa chini sana, zaidi ya kilometa 150 ndani ya dunia. Volkano za zamani za aina yake, zenye jiwe linaloitwa kimberlaiti, ndizo ziliipandisha kupitia shimo refu sawa na mrija. (Lava ya Nyiragongo si ya aina ile, kwa hiyo mutu asichimbe parseli yake juu ya habari hii.) Williamson alifikiri hivi: kama almasi ndogo ndogo zimetawanyika mu kokoto za eneo lile, basi mama yao iko mahali fulani karibu. Kutafuta ule mrija ikawa kazi yake.

Miaka ikapita. Hema, gari la kuchakaa, malaria iliyomurudia mara kwa mara, madeni. Wafanyakazi wake Wasukuma walichimba shimo, wakaosha kokoto, wakachekecha, hakuna kitu. Wakahamia pengine, wakaanza tena. Wasomaji wetu wanaijua kazi hii kuliko sisi tunaoiandika. Mutu anakula kwa deni huku akisema kesho, kesho, na kule nyumbani watoto wanafukuzwa masomoni.

Mwezi wa tatu 1940, karibu na Shinyanga, akaipata. Kuna masimulizi mengi juu ya siku ile. Wako wanaosema gari lake lilikwama mu matope, na alipokuwa akingojea akaona jiwe linang'aa. Wengine wanaweka jiwe lile chini ya mbuyu. Watu wanapenda masimulizi ya namna hii kwa sababu yanatupa matumaini hata sisi ambao gari hatuna. Lakini tuseme kweli lilikwama. Wafugaji wangapi walipita juu ya udongo ule na ng'ombe zao, vizazi na vizazi? Yeye alijua anatafuta nini, na alikuwa amekwisha kuchekecha eneo lile kwa miaka. Shansi ilimukuta yuko kazini.

Ila tusiishie hapo, kwa maana kuna kitu cha tatu ambacho mabishano ya jioni yanasahau: karatasi. Mu Mwanza kulikuwa avoka mmoja Muhindi, Iqbal Chand Chopra. Yeye ndiye alimukopesha Williamson feza wakati hakuna mwingine aliyemuamini, naye akapata sehemu yake mu kampuni. Eneo likaandikishwa kwa jina lao, kwa sheria ya wakoloni. Msukuma aliyeshika jembe alitoka jasho lile lile, labda zaidi, lakini sheria ilimupa mushahara tu. Jina la Williamson liko mu vitabu. Yale ya wale waliochekecha pamoja naye hatuyakuti. Muchimbaji wa kwetu anayefukuzwa kwenye shimo lake siku mwenye konsesyo anafika na polisi, huyu anaelewa bila kufundishwa.

Mrija wa Mwadui ulipimwa: hekta 146, kati ya mikubwa kuliko yote duniani inayochimbwa almasi. Wakati wa vita mashine zilikuwa shida kupata, alianza na vya kuokoteza. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mufalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwaka ule. Lilipokatwa na kusuguliwa likabakia karati 23.6, likawekwa katikati ya ua la almasi la kuvaa kifuani. Pale Mwadui alijenga hospitali, shule, nyumba za wafanyakazi, mji muzima ndani ya uzio. Kampuni kubwa ya De Beers, iliyokuwa inashika soko la almasi la dunia, ilitamani kumumeza. Akabishana nayo kwa miaka juu ya bei.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Kansa ya koo ikamuua mwezi wa kwanza 1958, akiwa na miaka 50 tu. Ndugu zake wakarithi, na mwaka ule ule wakauza: nusu kwa serikali ya Tanganyika, nusu kwa De Beers ile ile.

Mwadui inachimbwa hata sasa. Nje ya uzio, upande wa Maganzo, wachimbaji wadogo nao wanachekecha kokoto, kwa mikono.