Ibn Sina na Safari ya Dawa Mwilini



Katika mwezi wa Ramadhani, mwaka 428 Hijria, sawa na Juni 1037, alifariki tabibu mmoja katika mji wa Hamadan, nchi ya Uajemi ambayo leo twaiita Iran. Jina lake ni Abu Ali al-Husayn ibn Abdillah ibn Sina. Wazungu walimwita Avicenna. Wengi wetu tumelisikia jina hili tangu madrasa, lakini tukiulizwa alifanya nini hasa, twaishia kusema alikuwa daktari mkubwa, basi. Safari hii tumtazame kwa jambo moja: vile alivyofikiri juu ya dawa ikishamezwa. Yaenda wapi? Yafika na nguvu kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo wataalamu wa dawa wanalihangaikia mpaka leo katika maabara zao, na ndilo, kwa namna ya kusikitisha, lililoingia katika kifo chake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, ambayo leo iko Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh na alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Mtoto alipofika miaka 10 alikuwa ameihifadhi Qur'ani na kusoma vitabu vingi vya fasihi. Hesabu za Kihindi alipelekwa kujifunza kwa muuza mboga. Naam, muuza mboga! Yule mzee alizijua kwa ajili ya biashara yake, na mzazi hakuona aibu kumpeleka mwanawe pale. Fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid, na mantiki na jometri akaanza na mwalimu aitwaye al-Natili, ambaye haukupita muda mrefu akawa ameachwa nyuma na mwanafunzi wake.

Tiba aliiona ni elimu nyepesi. Akiwa na miaka 16 tayari matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Kilichomshinda ni kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu, alichokisoma mara 40 bila kukielewa, hadi siku moja sokoni dalali akambembeleza anunue kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3, na mlango ukafunguka. Alikuwa na desturi, swali likimkwama, kwenda msikitini kuswali mpaka afunguliwe. Akiwa na miaka kama 17 aliitwa kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh ibn Mansur, na ujira alioomba haukuwa dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia maktaba ya ufalme.

Kisha baba akafa, dola ikaanguka, na maisha ya kutangatanga yakaanza. Gurganj, Nasa, Abiward, Tus, mpaka Jurjan karibu na Bahari ya Kaspi. Huko Jurjan alikutana na kijana Abu Ubayd al-Juzjani, aliyemfuata kama kivuli miaka ipatayo 25. Huko huko ndiko alikoanza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu kikubwa cha tiba chenye juzuu 5.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika Qanun, Ibn Sina haishii kusema mmea fulani watibu ugonjwa fulani. Anauliza juu ya njia. Anasema tabibu lazima aangalie kiungo kilichougua kiko wapi. Kikiwa karibu, kama tumbo lenyewe, dawa isiyo kali yatosha kwa sababu yafika ikiwa nzima. Kikiwa mbali, kama pafu, dawa hupungua nguvu njiani, kwa hivyo lazima izidishiwe nguvu tangu mwanzo. Na katika sababu za kuchanganya dawa mbili anataja hii: kuna dawa nzito wa kupenya, basi huungwa na nyingine inayoibeba, kama zafarani inavyotiwa kwenye vidonge vya kafuri ili vifike moyoni.

Tuseme kweli, ramani yake ya mwili ilikuwa ya zama zake. Aliamini mambo ya damu, balghamu na nyongo mbili kama alivyorithi kutoka kwa Wayunani, na mzunguko wa damu hakuujua. Lakini wazo kwamba kiasi kilichotiwa mdomoni si kiasi kinachofika, hilo alilishika barabara.

Leo twaweza kuieleza safari hiyo hatua kwa hatua. Kidonge kikimezwa, kwanza lazima kiyeyuke. Kisichoyeyuka hutoka kilivyoingia. Kikishayeyuka, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na utumbo mwembamba, ambao ukuta wake una vinyweleo vidogo mno, hata eneo lake likikunjuliwa lafika makumi ya mita za mraba. Dawa ikipenya ukuta huo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Yaingia mshipa unaoipeleka ini kwanza, na ini ni kama ofisi ya forodha: laweza kukata nusu ya mzigo, au zaidi, kabla haujaingia mjini. Mofini iliyomo ndani ya afyuni, kwa mfano, ikinywewa ni sehemu ndogo tu, pengine robo au theluthi, inayovuka ini ikiwa nzima, na yatofautiana baina ya mtu na mtu.

Wanapimaje haya? Humchukua mtu aliyejitolea, mzima wa afya, wakampa dawa, kisha wakamtoa damu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Vile viwango vya dawa katika damu huchorwa kwenye grafu, na hutokea umbo la kilima. Wanaangalia mambo matatu: kilima kina urefu gani, kilele kimefikiwa baada ya muda gani, na eneo lote lililo chini ya mstari ni kiasi gani. Wakilinganisha eneo hilo na la dawa ile ile iliyodungwa mshipani, wanapata asilimia iliyofika. Hivyo ndivyo pia dawa za bei nafuu zinavyolinganishwa na zile za kampuni ya kwanza. Uwiano wake, pamoja na nafasi ya makosa ya hesabu, kwa kawaida lazima iwe kati ya asilimia 80 na 125. Na masharti ya Marekani yanataka wale waliojitolea wafunge kula kwa saa 10 au zaidi kabla ya kumeza, ili chakula kisivuruge hesabu. Sisi tunaofunga Ramadhani tungefaa sana kwa kazi hiyo, ila kidonge kingetushinda mchana!

Chakula si jambo dogo. Chukua dawa ya malaria tunayoijua sote hapa Kenya, Coartem, ambayo mchanganyiko wake ulichaguliwa kuwa tiba ya kwanza katika sera ya mwaka 2004. Ndani yake mna lumefantrine, dawa isiyopenda maji. Ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu chaweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Ndiyo maana muuguzi akakwambia unywe na maziwa, usidhani ni kukubembeleza. Ukigeuka upande wa pili, tetrasaiklini ukiinywa na maziwa hushikana na chokaa iliyomo, na nyingi hupotea bure. Maziwa yale yale, hukumu mbili. Na kwa wale wanaohamisha vidonge vya mara mbili kwa siku wakavinywa futari na daku: baina ya futari na daku pwani kwetu ni kama saa 10, na baina ya daku na futari ni kama saa 14. Kwa dawa nyingine si neno, kwa nyingine ni hatari. Aulizwe daktari kabla ya mwezi kuandama, na mgonjwa asiyeweza asijilazimishe, dini imempa ruhusa.

Turudi kwa Ibn Sina, kwa sababu katika juzuu ya 2 ya Qanun aliweka sharti 7 za kuijaribu dawa, na mtu aliyesomea famasia akizisoma hushtuka. Dawa iwe safi, haikuchanganyika na sifa ngeni. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja, si kwa mtu mwenye maradhi mawili yaliyoshikana. Ijaribiwe kwa maradhi yanayopingana. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, uanze na kidogo. Uangaliwe wakati inapoanza kufanya kazi. Matokeo yajirudie kila mara au mara nyingi, la sivyo ni bahati tu. Na la mwisho, ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa kilichotokea kwa simba au farasi huenda kisitokee kwa mtu.

Hilo la mwisho ndilo linalowatesa watafiti zaidi. Kuna sungura wanaokula majani ya beladona na wasidhurike, majani ambayo kwa mwanadamu ni sumu. Mbwa, panya na nyani kila mmoja ana utumbo wake na ini lake. Huwezi kuchukua asilimia iliyoingia kwa panya ukaipa jina la mtu. Kwa sababu hiyo watu wametafuta njia za kukisia kabla hata ya kumfikia mtu. Kuna seli ziitwazo Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu. Zikioteshwa juu ya chujio kwa wiki kama 3 hujipanga zikafanana na ukuta wa utumbo mwembamba. Dawa humiminwa upande mmoja, wakapima kiasi kilichovuka upande wa pili. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake wakazigawa dawa katika mafungu 4 kwa maswali mawili tu: yayeyuka vizuri? Yapenya vizuri? Mwaka 1997 Christopher Lipinski na wenzake, baada ya kupitia dawa zaidi ya 2,000, wakatoa kanuni kwamba molekuli iliyo nzito sana, au inayopenda mafuta kupita kiasi, au inayong'ang'ania maji kwa mikono mingi, huenda isipenye ikimezwa. Kanuni hiyo ina dawa nyingi zinazoivunja, lakini humwokolea mtafiti pesa na muda.

Siku hizi kompyuta hutengenezewa mwili wa hesabu: tumbo, utumbo, ini, figo, kila kiungo na kiasi cha damu kinachopita, kisha dawa hutumwa ndani yake kwa milinganyo. Aliyeuweka msingi wa hesabu hizi ni Torsten Teorell wa Uppsala, Sweden, katika makala zake mbili za mwaka 1937. Ukihesabu kwa kalenda ya Kizungu, ni miaka 900 kamili tangu Ibn Sina afariki.

Na kifo chenyewe kilikuwaje? Baada ya Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan, ambako alimtibu amiri Shams al-Dawla msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Wanajeshi wakamwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe. Alijificha siku 40 mpaka amiri aliposhikwa tena na tumbo, akatafutwa kwa kuombwa radhi. Baadaye, amiri huyo alipokwisha kufa, alifungwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan, na mwishowe akatorokea Isfahan amevaa nguo za masufi. Mchana alikuwa kwenye kazi za watawala, usiku akiandika na kusomesha. Al-Juzjani hakumficha: anataja kwamba baada ya darsa za usiku kulikuwa na vinywaji na waimbaji, na kwamba mwalimu wake hakuuhurumia mwili wake.

Akiwa safarini vitani pamoja na Ala al-Dawla, mtawala wa Isfahan, yeye mwenyewe alishikwa na msokoto wa tumbo. Aliogopa jeshi lisije likarudi nyuma likamwacha, akataka kupona upesi, akajipiga hukna, yaani bomba la dawa kwa njia ya nyuma, mara 8 kwa siku moja. Utumbo ukachubuka. Akaagiza watie daniki 2 za mbegu za karafsi kuvunja gesi. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5. Dirhamu moja ni daniki 6, kwa hivyo piga hesabu: ni mara 15 ya alichoagiza. Dawa kali namna hiyo haina haja hata ya kufyonzwa ili idhuru, na ukuta uliochubuka si mlango ule ule tena. Al-Juzjani asema hajui kama lilikuwa kosa au kusudi, hakuwapo chumbani.

Ikaja dege dege. Akawa anakula majuni ya kuizuia, na mtumishi mmoja akaijaza afyuni nyingi. Huyu sababu yake yajulikana: watumishi walikuwa wamemwibia mali, wakaogopa akipona atawashika. Afyuni hulegeza mwendo wa utumbo, na mgonjwa wetu ni wa tumbo.

Alibebwa mpaka Isfahan hawezi kusimama, akajitibu, akapata nafuu nusu nusu, kisha akamfuata tena Ala al-Dawla kuelekea Hamadan. Njiani ugonjwa ukarudi. Alipofika alijua nguvu zimekwisha na dawa haina tena wa kuipokea, akaacha kujitibu. Yasimuliwa kuwa alitubia, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akihitimisha Qur'ani kila siku 3. Hakumaliza siku nyingi. Alikuwa na miaka kama 57, au 58 kwa hesabu yetu ya mwezi, na alizikwa hapo hapo Hamadan, ambako kaburi lake lipo hadi leo.

Vile vipimo, daniki 2 na dirhamu 5, twavijua kwa sababu al-Juzjani alikaa akaviandika.