Ibrahim Müteferrika na Haki ya Mpanga Herufi

Ndugu msomaji, ukishika kitabu mkononi utaliona jina la aliyekitunga, na pengine utaliona la aliyekitoa. Jina la yule aliyezipanga herufi moja moja, akazisoma kinyumenyume, akaisaka nukta iliyopotea hata usiku ukamwishia, hilo hulioni. Mtu huyo hukumbukwa siku moja tu, nayo ni siku kosa linapoonekana. Leo napenda tumtazame mtu aliyeijua kazi hiyo tangu mizizi yake, Ibrahim Müteferrika, Mwislamu wa kwanza kuendesha matbaa ya kupiga chapa vitabu mjini Istanbul. Alifariki mwaka 1745, lakini taabu alizozikuta zingali hai katika maduka ya chapa hapa kwetu.

Ibrahim alizaliwa mnamo mwaka 1674 huko Transylvania, katika mji wa Kolozsvár ambao leo umo Romania na huitwa Cluj-Napoca. Kwa asili alikuwa Mhungaria na kwa malezi Mkristo. Katika miaka ya 1690 maisha yalimfikisha Istanbul, akasilimu, akaitwa Ibrahim, na jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Hilo la Müteferrika si la ukoo. Ni cheo cha watumishi wa heshima wa Sultani waliotumwa kazi mbalimbali, nalo lina shina moja la Kiarabu na neno letu la kufarakana. Alikuwa mkalimani na mjumbe wa serikali, na kwa miaka mingi ndiye aliyewekwa karibu na Ferenc Rákóczi, kiongozi wa Kihungaria aliyekuwa mkimbizi katika dola ya Uthmaniya.

Chapa haikuwa jambo geni mjini humo. Mayahudi walikuwa na matbaa yao Istanbul tangu mwaka 1493, na Waarmenia tangu 1567. Lakini Waislamu vitabu vyao viliandikwa kwa mkono, kama walivyokuwa wakiandika misahafu yao mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Ibrahim alianza polepole. Mnamo mwaka 1719 alichonga ramani ya bahari ya Marmara juu ya ubao, akaipiga chapa, akampelekea waziri mkuu Damat Ibrahim Pasha. Kisha akashirikiana na Said Efendi, kijana aliyekwenda Paris pamoja na baba yake katika ubalozi wa miaka ya 1720 na 1721. Mwaka 1726 Ibrahim akaandika risala akieleza faida za chapa, na mwezi wa Julai mwaka 1727 Sultani Ahmed wa Tatu akatoa amri ya kumruhusu.

Hapa nataka tusimame kidogo. Ruhusa hiyo ilitanguliwa na fatwa ya Sheikhul-Islamu Abdullah Efendi. Vitabu vya tafsiri ya Kurani, hadithi, fikihi na ilimu ya kalamu havikuguswa, vikaachiwa waandishi wa mkono. Kwa vitabu vingine, kama lugha, tarehe na jiografia, Sheikh aliona chapa ni jambo jema, lakini akataka wawepo wanavyuoni wa kuyasahihisha maandishi. Amri ya Sultani ikawataja wasahihishaji wanne: watatu waliopata kuwa makadhi, na wa nne sheikh wa zawiya ya Mawlawiya. Basi tazama, msomaji. Kabla mtambo haujabana karatasi hata moja, kazi ya mtu anayetangulia mtambo ilikwisha wekewa sharti na watu wake wakatajwa kwa majina.

Kwa nini uzito wote huo? Waliosoma chuoni watanielewa upesi. Andika neno bayt, yaani nyumba. Kisha bint, yaani binti. Kisha nabt, yaani mmea. Ziondoe nukta, na maneno hayo matatu yatakuwa na umbo moja, huwezi kuyatenga. Zaidi ya hapo, chukua habib na khabith. Yule mpenzi na huyu mwovu wametenganishwa na nukta tu. Nukta ya chuma ikivunjika, au kipande kimoja kikichukuliwa badala ya chenziwe, mpenzi hugeuka mwovu mara elfu, kwa kuwa mtambo haukosei mara moja. Hukosea katika kila nakala. Mnamo mwaka 1537 wapiga chapa wa Venice walipata kuichapa Kurani nzima. Herufi zao hazikutenganisha hata dali na dhali, na kazi yote ikaharibika. Waislamu walikuwa na haki ya kuiogopa chapa ya watu wasioijua kazi yake.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Alfabeti ya Kiarabu ina herufi 28. Herufi 22 kati ya hizo zina sura nne kila moja: ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Sita zilizobaki zina sura mbili mbili. Hesabu utapata vipande 100 kabla hujatia lamu-alifu, wala irabu, wala tarakimu, wala zile herufi za kupandana ambazo jicho la msomaji limezizoea. Waturuki na Waajemi nao wana zao za kuongeza. Kila kipande ni cha risasi, na maandishi yake yamegeuzwa kama yaonekanavyo katika kioo. Hivyo maandishi yasomwayo kutoka kulia, mpangaji huyapanga kutoka kushoto. Huupima mstari, huubana, huutia vipande vya nafasi hata ujae sawasawa. Kisha huja msahihishaji akatia neno moja zaidi, na mstari wote ukavunjwa, na uliofuata, na uliofuata.

Ibrahim aliiweka matbaa yake nyumbani kwake, karibu na msikiti wa Sultani Selim. Alikuwa naye fundi wa Kiyahudi, Jonah ben Jacob Ashkenazi, aliyekuwa na uzoefu wa kuchonga herufi na kupiga chapa. Tangu amri ya Sultani hata kitabu cha kwanza ulipita mwaka mmoja na nusu. Mtu asiyeijua kazi angeuliza muda wote huo ulikwenda wapi. Ulikwenda katika herufi na usahihishaji. Tarehe 31 Januari mwaka 1729 ndipo ilipotoka kamusi ya Vankulu, tafsiri ya Kituruki ya kamusi mashuhuri ya Kiarabu ya al-Jawhari, katika juzuu mbili kubwa. Zilipigwa nakala 1,000, na serikali ikaweka bei ya kurushi 35. Angalia pia alichokichagua kuanza nacho: kamusi, kitabu ambacho kosa moja ndani yake huzaa makosa katika vitabu vya watu wengine.

Mimi kwa kazi yangu ya gazeti nimekaa sana na watu wa maduka ya chapa, nikawasikiliza. Herufi za risasi zimekwisha, zimekuja filamu na mabamba, na leo kompyuta, malalamiko hayakuhama. Mteja huleta maneno ya kadi ya harusi yaliyoandikwa ovyo nyuma ya risiti, akataka kadi kesho asubuhi. Huletewa nakala ya kusahihisha, akatia sahihi bila kusoma kwa kuwa ana haraka. Kadi zikitoka na jina la bibi harusi limekosewa, anayekatwa mshahara ni kijana wa kompyuta. Mwingine hubadilisha saa za imsakia ya Ramadhani bamba limekwisha kutengenezwa, kisha hakubali kulilipia la pili. Mwingine huleta picha iliyopitishwa katika simu tatu, ndogo kama ukucha, akataka ijae ukutani. Na maandishi ya Kiarabu ndiyo mtihani: yakitiwa katika programu isiyoyajua, herufi huachana mikono na kusimama moja moja, tena kinyume, na shahada ya madrasa ikawa haisomeki. Mwenye duka akiambiwa kuwa kuitengeneza kwahitaji siku nzima, huona anachelewesha tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndiyo maana maisha ya Ibrahim yanafaa kusomwa. Yeye alikuwa mwenye duka, na kitanda hicho alikilalia mwenyewe. Mwaka 1732 alipokitoa kitabu cha jiografia cha Katip Çelebi, kiitwacho Cihannüma, aliongeza kwa kalamu yake sehemu kuhusu elimu ya falaki, hata rai ya Copernicus ya kuwa dunia hulizunguka jua. Kitabu hicho kilijaa ramani, na ramani zilitiwa majina ya waliozichonga: Ahmed wa Krimu, na Mıgırdiç wa Galata, Muarmenia. Zamani mwandishi wa mkono alikuwa akilitia jina lake mwisho wa kitabu na kuomba dua ya msomaji. Chapa ililifuta jina hilo. Katika ramani za Ibrahim tunaona kwamba haikuwa lazima lifutwe.

Hakustarehe. Mwaka 1730 palizuka maasi ya Patrona Halil; Damat Ibrahim Pasha akauawa na Sultani Ahmed akaondolewa katika kiti. Waliomfungulia mlango hawakuwapo tena. Hata hivyo matbaa haikuvunjwa, na chini ya Sultani Mahmud wa Kwanza ikaendelea. Lakini mwenyewe alivutwa huku na huku na kazi za serikali. Mwaka 1737 alitumwa Poland kwa ujumbe, na kwa miaka kadhaa mtambo ukanyamaza. Uliporudi, ukatoa vitabu vichache, na cha mwisho kikawa kamusi ya Kiajemi na Kituruki, mwaka 1742. Kwa jumla alitoa vitabu 17 katika muda wa miaka 13, vingi vyao nakala 500 tu.

Karatasi pia ilimsumbua, kwa kuwa ilinunuliwa nchi za nje, naye akaingia katika juhudi za kujenga kiwanda cha karatasi Yalova, kusini ya Istanbul. Kwa muda mrefu watu wamesema kwamba mradi wake ulishindwa na vitabu vikamwozea. Orodha ya mirathi yake inaonyesha sivyo: vilivyouzwa ni vingi kuliko vilivyobaki. Aliuza polepole, kama alivyopanga polepole. Baada yake kadhi mmoja aitwaye naye Ibrahim aliifungua tena matbaa, na kilichochapwa ni ile ile kamusi ya Vankulu. Kaburi lake lilihamishwa mwaka 1942, likawekwa katika zawiya ya Mawlawiya ya Galata, nalo lipo hadi leo.

Njia aliyoifungua ilifika pwani yetu kwa mapito mengine. Mnamo mwaka 1880 Sayyid Barghash alikuwa na matbaa yake Unguja ikitoa vitabu vya Kiarabu. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Jina la Sheikh tunalo, na tunamwombea. Waliozipanga herufi zake, ni nani kati yetu awezaye kuwataja?

Basi mwenye duka la chapa akitaka kumuenzi Ibrahim, asinunue mtambo mpya kwanza. Na atafute msahihishaji, ampe kijana wake muda, na amwambie mteja wazi kwamba aliyetia sahihi bila kusoma ndiye mlipaji wa kosa. Sisi wateja nasi tusome kabla ya kutia sahihi, na tukipokea kazi safi tuulize ni nani aliyeipanga, tumshukuru kwa jina lake. Sheikhul-Islamu wa mwaka 1727 hakuona aibu kumtanguliza mtu wa nukta mbele ya mtambo. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibrahim na mafundi wake.