Buchner na Swali Lililozimwa Maabarani

Kila nimwonapo mwanafunzi akiamriwa kuketi kwa kuwa swali lake halimo katika silabasi, mimi humkumbuka Eduard Buchner. Katika miaka yangu ya ualimu niliwahi kuyazima maswali kama hayo, na najuta.

Buchner alizaliwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1860. Baba yake alifariki mapema, na ufukara ukamlazimu kijana huyo kuyaacha masomo kwa muda, akafanya kazi katika kiwanda cha vyakula vya mikebe. Kakake Hans, tabibu aliyemzidi umri kwa miaka kumi, ndiye aliyemshika mkono. Mwaka 1888 akahitimu shahada ya uzamifu katika kemia.

Zama hizo wataalamu wengi, wakimfuata Louis Pasteur wa Ufaransa, waliamini kwamba sukari haiwezi kuchachuka na kuwa pombe ila kwa hamira iliyo hai. Buchner alitaka kuzipasua seli za hamira atazame kilichomo ndani. Mwaka 1893 wakuu wa maabara yake waliamua kwamba kazi hiyo haingezaa tunda lolote. Ikawekwa kando kwa miaka mitatu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wakati wa likizo ya mwaka 1896 alirejea Munich, katika taasisi ya kakake. Humo, Martin Hahn alikuwa amependekeza hamira isagwe kwa mchanga na udongo mwepesi, kisha ifungwe katika kitambaa na kukamuliwa kwa shinikizo. Kilo 1 ya hamira ilitoa takriban nusu lita ya maji. Ili maji hayo yasioze, yalitiwa sukari nyingi. Punde yakaanza kutoa mapovu! Mwingine angeyamwaga, akidhani yameharibika. Buchner alitambua kwamba sukari ilikuwa ikigeuka pombe ilhali hapakuwa na seli hai iliyosalia. Mwaka 1897 akatangaza kwamba kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya, akakiita zimasi. Alipingwa vikali, lakini mwaka 1907 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hans hakuishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1902.

Mlango ukawa umefunguka. Huko London, Arthur Harden na William Young waligundua kwamba maji ya hamira huchapuka kazi yakiongezwa fosfeti. Mwaka 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs wa Marekani, wakichunguza misuli, walionyesha kwamba fosfeti ikibandikwa kwenye protini fulani huiamsha, na ikibanduliwa huilaza. Kisha Leland Hartwell wa Marekani na Paul Nurse wa Uingereza waliirudia hamira. Walipata humo jeni zinazotawala kugawanyika kwa seli, mojawapo ikiwa ya protini ambayo kazi yake ni kuzibandika protini nyingine fosfeti. Protini kama hiyo imo katika miili yetu pia, na saratani ni nini kama si seli kugawanyika bila breki? Wawili hao, pamoja na Tim Hunt, walituzwa Nobel mwaka 2001.

Buchner mwenyewe hakuzeeka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, alijitolea kwenda vitani. Agosti 1917 alijeruhiwa kwa vipande vya kombora huko Focșani, Rumania, akafa siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 57. Vita vilimnyang'anya ulimwengu kichwa ambacho maabara ilikuwa imekaribia kukivunja moyo.

Walimu wenzangu, hamira i katika kila jiko linalopika mandazi. Mwanafunzi akiuliza kwa nini unga umeumuka, tusimwambie aketi. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa swali lenu halina faida, liwekeni akiba; likizo itafika.