Meya aliyewatoa wakulima mikononi mwa wakopeshaji

Mkulima anayeambiwa na chama chake cha akiba na mikopo atafute wadhamini kabla ya kupewa fedha huenda hajui kwamba utaratibu wa aina hiyo ulisumbua sana kichwa cha meya mmoja wa vijijini Ujerumani.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818, mjini Hamm kando ya mto Sieg, mtoto wa saba kati ya tisa. Aliingia jeshini akiwa na miaka 17, lakini ugonjwa wa macho ulimtoa mwaka 1843. Miaka miwili baadaye akawa meya wa Weyerbusch, eneo la vijiji maskini.

Mavuno ya 1846 yalikuwa mabaya. Serikali ilileta unga, kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu, fedha ambazo wenye njaa hawakuwa nazo. Raiffeisen alikiuka amri, akautoa kwa mkopo. Kisha aliwashawishi wenye uwezo wachange, likajengwa tanuri la pamoja, na bei ya mkate ikashuka karibu nusu.

Alipohamia Flammersfeld alikuta balaa la ng'ombe. Mkulima alikopeshwa mnyama kwa masharti makali; akishindwa kulipa, ng'ombe anachukuliwa na deni linabaki. Mwaka 1849 wenye mali wapatao 60 walikubali kudhamini kwa mali zao zote. Chama kikanunua ng'ombe, wakulima wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Hata hivyo, vyama hivyo vilisimama kwa hisani ya matajiri. Ari yao ilipopoa, viliyumba. Raiffeisen, mtu wa dini aliyeamini mno huruma, alichukua miaka mingi kulikubali hilo.

Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama ambacho mkopaji sharti awe mwanachama, na wote wanabeba dhamana bila kikomo. Aliyataka maeneo yawe madogo, watu wajuane. (Nani atamdhamini jirani ambaye shamba lake limejaa magugu?) Faida iliingia kwenye akiba ya chama.

Mkewe, Emilie, alikuwa amefariki mwaka 1863. Mwaka 1865 alistaafu, macho yakiwa yamefifia, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kuhusu vyama hivyo. Binti yake Amalie ndiye aliyekuja kumsomea na kumwandikia. Raiffeisen alifariki Machi 11, 1888, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70.